Njia ya Tisa

Siku mliyoniaga pale kituoni nilipostaafu, mmoja wenu aliniambia: "Muzee Ukelo, andikia siye namna mulikuwa munafanya kazi zamani." Nikakubali kwa kichwa, kama mtu anavyokubali akiwa ameshika soda mkononi. Nilidhani nitaandika kuhusu vyombo. Vyombo ni rahisi kuandikwa, havina ndugu wa kukasirika. Lakini nimekaa na kalamu majuma matatu sasa, na kila nikianza na vyombo naishia kwa mtu mmoja ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyemfahamu. Basi nitaeleza yote kwa mpangilio wake, na nyinyi mtajua la kuchukua na la kuacha.

Nilipanda kilima kile mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitoka Mahagi na cheti cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki. Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye paa la mabati, kando ya barabara itokayo Bunia kwenda Bogoro. Ndani, juu ya meza ya mbao, ililala mirija kumi na miwili ya shaba, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kila mrija ulikuwa na waya wake uliokwenda hadi kwenye kabati la chuma. Kabatini kila waya ulikuwa na droo yake ya kukuza umeme, na mbele ya droo palikuwa na dirisha dogo lenye magurudumu ya namba. Mrija, waya, droo na namba zake: hiyo tuliita njia moja. Tulikuwa na njia kumi na mbili.

Fundi mkuu alikuwa Muzee Anyolitho, mtu wa kwetu Mahagi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa kiti, akaniambia nikae mbele ya kabati nisikilize. Nikasikiliza tangu asubuhi hadi mchana: tik, tik-tik, tik. Nilipomuuliza nini kinahesabiwa, alinionyesha dari.

"Juu kule kunaanguka chembe, ndogo kupita vumbi ya unga. Zinapita mabati, zinapita kichwa yako, zinapita murija. Ikipita moja, umeme inashituka kidogo, namba inaruka. Wakubwa wa Ulaya banataka kujua ngapi zinaanguka hapa kwetu, saa kwa saa. Ni ile tu."

Niliona ni kazi ya ajabu, kuhesabu mvua isiyolowesha mtu. Lakini nilipenda. Muzee alinifundisha kulehemu: upashe moto chuma, usipashe risasi ya kulehemia, kiungo kizuri kinang'aa kama jicho la samaki, kiungo kibaya kinakuwa na rangi ya jivu. Alinifundisha pia kutafuta ugonjwa wa njia bila kubahatisha. Njia ikisumbua, badilisha droo yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na droo, umempata mwizi. Ukibaki palepale, mwizi ni mrija au waya. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na nimeona watu wenye diploma wakiisahau.

Mwaka uliofuata alikuja Mama Masika. Wakati ule kwa amri tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, lakini yeye, hata mkurugenzi alimwita Mama. Alitoka Butembo pamoja na mume wake, Baba Kambale, aliyeuza vitambaa sokoni Bunia. Kazi yake ilikuwa uangalizi: kila saa, kuanzia saa moja asubuhi, anasoma namba za madirisha yote kumi na mawili na kuziandika katika rejista. Upande wa kulia wa ukurasa palikuwa na safu nyembamba ya maelezo. Wengine waliiacha tupu. Mama Masika aliijaza: "Mvua kubwa." "Umeme umekatika dakika sita." "Mjusi juu ya mrija wa pili, ameondolewa." Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umesimama wima. Nyumbani alikuwa mshonaji. Nguo za komunyo za kwanza za watoto wetu wengi zilitoka mikononi mwake, na mishono yake ilikuwa kama huo mwandiko.

Muzee Anyolitho alirudi Mahagi wakati miguu ilipomkataa kupanda kilima. Nikabaki fundi peke yangu. Miezi michache baadaye panya walikula waya wa njia ya tisa. Niliukata, nikaweka mpya, nikalehemu plagi zake mbili mchana mmoja. Nilifanya haraka, kwa sababu nilikuwa na mahali pa kwenda.

Lazima niseme ni wapi. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa na redio, na redio zao zilikufa kila juma. Mimi nilijua kuzifufua. Nikiingia dukani kwao walinipa kiti cha kwanza na kuniita enjenia. Kilimani hakuna aliyeniita hivyo. Kwa hiyo nikawa nafika kituoni saa moja na nusu, natia sahihi, kisha nashuka mjini, na narudi saa tano au saa sita jua likiwa kali. Nilijiambia kwamba mashine zinafanya kazi zenyewe, na mimi nikihitajika nitaitwa.

Siku moja niliporudi Mama Masika alikuwa ananingoja mlangoni.

"Fundi, njia ya tisa iko mugonjwa. Asubuhi inahesabu makumi tatu, makumi ine, na zingine zote ziko mia na makumi ine. Kisha jua ikipanda inapona yenyewe."

"Mashine haiponaka yenyewe, Mama."

"Basi kuya asubuhi uione."

Aliyasema bila ukali, lakini mimi niliusikia ukali. Nikafungua kabati palepale, saa sita mchana. Nikabadilisha droo ya nane na ya tisa, kama nilivyofundishwa. Zote mbili zilihesabu vizuri. Nikarudisha. Zikahesabu vizuri. Nikapima mrija, nikapima waya kutoka plagi hadi plagi. Hakukuwa na ugonjwa. Bila shaka hakukuwa: nilikuwa daktari anayemtembelea mgonjwa saa ambayo homa imeshashuka. Hata mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza angejua kwamba dawa ni kurudi kesho saa moja na kukaa. Mimi kesho saa moja na nusu nilitia sahihi nikashuka mjini.

Hayo yaliendelea karibu miezi miwili. Mwisho wa mwezi wa pili mkurugenzi aliniita. Rejista ilikuwa wazi mbele yake. Katika safu ya maelezo, kwa ule mwandiko uliosimama wima, asubuhi baada ya asubuhi: "Njia ya 9 imeshuka. Fundi hayuko." Nikafungua ukurasa mwingine. "Njia ya 9 imeshuka. Fundi hayuko."

"Citoyen Ukelo," mkurugenzi akasema, "unakaaka wapi asubuhi?"

Sikujibu swali lile. Nilisema, na maneno nayakumbuka: "Nimepima njia yote, haina kitu. Ugonjwa hauko kwa mashine. Uko kwa yule anayesoma."

Naomba mwelewe kwamba sikuwa nimepanga. Lakini neno likishatoka linatafuta mahali pa kukaa, na mimi nililitengenezea kiti. Nilimshauri mkurugenzi tufanye jaribio. Mchana ule tulimwita Mama Masika, tukamweka hatua nne kutoka kabati, mbali kuliko alivyokaa siku zote, na nikamwambia asome madirisha kwa sauti. Alisoma moja hadi tano bila shida. Kwenye la sita akasita. Rangi ya magurudumu yale ilikuwa imechakaa, na tatu ilifanana na nane. Alisema nane. Ilikuwa tatu. Mimi nililijua gurudumu lile. Mwenyewe nilikuwa nalisogelea ili nisome.

"Unaona," nikamwambia mkurugenzi, mbele ya Mama mwenyewe. "Macho ya Mama hayamusaidie tena."

Mama Masika aliniangalia mimi, kisha akaliangalia dirisha. Akapiga hatua mbili mbele, akakunja uso, akasema polepole, "Ni tatu. Kweli ni tatu." Niliandika ripoti ya kurasa mbili, na chini kabisa sababu: makosa ya mwangalizi. Kabla ya juma kwisha alipewa barua ya kuachishwa kazi, ikiwa na mhuri. Baba Kambale alihamisha duka lake, wakaenda Bule, juu kule Djugu.

Nafasi yake ilipata mtu haraka. Nilimpendekeza Uweka, kaka wa mke wangu, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa amemaliza shule na hana kazi. Tangu asubuhi yake ya kwanza njia ya tisa ilikuwa nzima: mia na arobaini na moja, mia na thelathini na tisa, mia na arobaini na tatu. Mkurugenzi alinipongeza. Nilipeleka namba zile katika bahasha kila mwezi, na kila mwezi zilikuwa uthibitisho wangu. Nilishuka mjini na moyo mweupe.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, paa lilianza kuvuja na tukalazimika kusogeza meza ya mirija. Nilichomoa nyaya moja moja. Niliposhika plagi ya njia ya tisa waya ulibaki mkononi mwangu na plagi ikabaki kwenye mrija. Sikuwa nimevuta. Nikafungua plagi. Kiungo kilikuwa na rangi ya jivu. Risasi ilikuwa imelala juu ya chuma bila kukishika, na waya ulikuwa umeegemea tu. Kukiwa na baridi ya asubuhi, chuma kinajikunja, waya unaachia. Jua likipasha mabati na chumba, chuma kinatanuka, waya unagusa. Kila fundi ana mwandiko wake. Mimi huzungusha waya mara mbili kuelekea kushoto kabla ya kulehemu. Ulikuwa umezungushwa mara mbili, kuelekea kushoto.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka minne nyuma. Niliurudisha waya mahali pake kama ulivyokuwa, bila kuutengeneza, na kesho yake saa moja kasoro nilikuwa nimekaa mbele ya kabati. Baridi ilikuwa imeshika vioo. Njia kumi na moja zilipiga tik-tik kama kawaida. Ya tisa ilipiga moja moja, kama maji yanayodondoka. Saa ilipotimia ilikuwa imehesabu thelathini na sita.

Uweka aliingia, akanikuta, akashituka. Akafungua rejista. Alisoma madirisha hadi la nane. Kwenye la tisa hakuinua kichwa. Akaandika 141.

"Shemeji," nikamwambia, "umeona nini kwa njia ya tisa?"

"Mia na makumi ine na moja."

"Angalia."

Hakuangalia. Alifunga kalamu yake polepole.

"Shemeji, mi nilionaka tangu siku ya kwanza. Lakini ule Mama alifukuzwa juu ya namba ile. Mi iko na batoto. Ningeandika nini?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira nikaikosa. Mimi ndiye niliyemwonyesha mtu anayeandika ukweli anapelekwa wapi.

Nililehemu plagi upya, polepole, hadi ikang'aa. Kisha nikaenda kwa mkurugenzi na kumweleza habari ya waya. Habari ya asubuhi zangu mjini sikuigusa. Alisikiliza, akaenda kufunga mlango, akasema: "Namba za miaka mine zimeshakwenda Ulaya. Unataka niandike nini kule, kwamba kituo yangu ilikuwa inatunga? Umetengeneza waya? Basi nyamaza." Nikanyamaza, na niwaambie ukweli, nilifurahi kuamriwa. Kunyamaza kwa amri kulikuwa kwepesi kuliko kule kwa mwanzo.

Lakini redio za mjini niliziacha. Nikawa wa kwanza kufika kilimani kila siku, na watu walinisifu kwa bidii yangu, na kila sifa ilinikalia vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Baada ya miezi kadhaa nilipanda lori la wafanyabiashara hadi Bule.

Bule ni baridi, mnajua. Duka la Baba Kambale lilikuwa mwisho wa soko. Yeye alikuwa anapima kitambaa kwa fimbo ya mita. Mama Masika alikaa nyuma, juu ya kigoda, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kumwona na mikono iliyolala.

Nilisalimia. Walinipa kiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakanitoka machache.

"Mama, njia ya tisa ilikuwa mugonjwa. Waya ilikuwa haijashika. Ni miye nililehemu mubaya."

Mama Masika akaniuliza:

"Kumbe inashukaka kweli?"

"Inashukaka kweli. Namba zako zote zilikuwa za haki."

Baba Kambale aliweka fimbo chini. Mama Masika aliinua mikono, akaigeuza, akaiangalia pande zote mbili.

"Miye niliwaza ni macho," akasema. "Sijashona tangu tulifika huku. Niliogopa kuharibu vitambaa vya batu. Barua za batoto, anasomaka Baba. Hata kupima kitambaa ni yeye. Nilisema, kama niliona makumi tatu pasipo makumi tatu, na nane mahali pa tatu, nitaamini nini ingine?"

Nilidhani nimekuja kukiri kosa moja, la kumnyima kazi. Sikujua kwamba nilikuwa nimemnyima na sindano yake, na barua za watoto wake. Nilisema nisamehe. Alitikisa kichwa, si kukataa, ila kama mtu anayeondoa nzi.

"Maneno nimesikia. Sasa andika. Barua ya kunifukuza ilikuwa na muhuri. Na hii itie muhuri. Andika ni waya. Andika macho yangu ilikuwa mazima. Na andika asubuhi weye ulikuwa wapi."

Nilirudi Bunia. Mkurugenzi alikataa mhuri kabla sijamaliza sentensi, na mimi sikumsumbua mara ya pili. Mwaka uliofuata alihamishwa, nikaachiwa kituo, na mhuri ukaja kukaa katika droo ya meza yangu. Ulikaa humo miezi saba. Kila asubuhi nilifungua droo kuchukua kalamu na kuuona. Barua nilikuwa nimeshaiandika kichwani neno kwa neno, ila nilipofika mahali pa kusema "fundi alikuwa mjini" nilikumbuka kwamba nakala itabaki kwenye faili, na kwamba siku moja nyinyi mtaifungua.

Mwezi wa nane niliichapa mwenyewe kwa mashine ya kuandikia, kwa vidole viwili, mlango umefungwa. Nikatia sahihi na mhuri. Nakala moja nikaiweka kwenye faili ya wafanyakazi. Kisha nikachukua rejista za miaka ile minne na kupiga mstari mwekundu kwenye safu ya njia ya tisa, ukurasa kwa ukurasa, na kuandika pembeni: si za kweli. Nikawaandikia na wale wa Ulaya. Walijibu kwa adabu kwamba walikuwa wamekwisha kuziacha zamani. Namba za njia ya tisa zilikuwa nzuri mno kiasi cha kutoaminika. Watu wasiomjua Uweka hata kwa jina waliona kwa mbali nisichotaka kukiona mlangoni pangu.

Nikapanda tena Bule. Mama Masika aliipokea barua kwa mikono miwili. Baba Kambale alinyoosha mkono kama kawaida yake ili amsomee, lakini mke wake alimgeuzia mgongo, akaenda mlangoni penye mwanga, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Akafika chini penye mhuri. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Fundi, hapa umeandika njia ya nane."

Nilisimama nikaangalia. Ilikuwa kweli. Katika barua iliyonichukua miezi saba kuiandika, ya kumwambia kwamba macho yake ni mazima na kosa ni langu, nilikuwa nimekosea namba.

"Ya nane haikuwa na kitu," akasema. "Ilikuwa ya tisa."

"Nitasahihisha na kalamu, Mama, hapa hapa."

"Na kalamu hapana. Batasema nimegeuza ni miye." Akaikunja barua vizuri, akanirudishia. "Enda uandike tena."

Lori la kurudi lilikuwa linapakia maharagwe. Nilikaa juu ya magunia hadi Bunia. Nilipiga barua upya, na nakala zake upya, nikazisoma moja moja kwa kidole, na juma lililofuata nilikuwa Bule tena. Aliisoma mara mbili palepale mlangoni. Kisha akaingia ndani akaiweka ndani ya sanduku, akatoka. Hakuniambia asante, na sikuwa nimestahili. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilimjibu nimekula. Haikuwa kweli.